Chaguo la Kwanza

Stesheneri ya Kalunde, Tabora mjini, saa tano,
printa inakoroma, taa inapepesa.
Elfu kumi ya fomu ni tumbaku ya mama.
"Chaguo la kwanza?" Kidole kinangoja juu ya kitufe.
Baba mdogo Mihayo alishanipangia: uhasibu, Dar es Salaam,
chuo chenye lifti na mlinzi wa kofia.
Nikasema: nyuki.
Kalunde akanitazama kana kwamba nimekosea herufi.

Huu mwaka wa pili. Nimeumwa hata sihesabu tena;
siku ya mtihani nilisoma maswali kwa jicho moja.
Maktaba ina feni moja, najua inapuliza meza ipi,
nami hufika kabla yake kuwashwa.
Mwalimu Nkwabi si msemaji.
Kipindi kikiisha namfuata mpaka kwenye baiskeli yake,
swali juu ya swali,
hadi anacheka: "Binti, nina njaa."
Jumamosi wenzangu wamelala,
mimi niko Sikonge nakagua mizinga ya watu.
Nalipwa nta.

Jana baba mdogo alipiga simu.
Hakuuliza ada, hakuuliza alama.
Aliuliza bei ya asali,
ya jumla.