Kijiko na Bomba

Saa kumi na moja alfajiri, Ulan Bator.
Ukitoka nje na kope mbichi
unarudi na kope za kioo.
Moshi wa makaa umelala juu ya mtaa
kama mpangaji asiyelipa kodi na hahami.
Nani akimbie humo? Hata mbwa wamekataa.

Kwa hiyo tuna ngazi:
vidato mia moja arobaini na vinne
(nimevihesabu kwa goti la kushoto,
ndilo lenye malalamiko),
na lifti iliyokufa mwanangu Temulen akitambaa.
Temulen sasa yuko darasa la pili.

Na tuna bomba.
Bomba la joto, lipandalo ukutani
toka jikoni kwangu, ghorofa ya pili,
likapita kwa Uyanga, ya tano,
hadi ya saba kwa Davaasuren,
dereva wa basi, baba wa watatu,
mwenye tumbo ambalo, asema mwenyewe,
hufika kituoni kabla yake.
Kila alfajiri mmoja wetu huchukua kijiko
akagonga: ngo, ngo.
Maana yake, niko macho. Wewe je?
Ukijibu, umejifunga.
Usipojibu utagongewa hadi watoto waamke,
na adhabu kubwa kuliko hiyo sijaiona.

Wenzetu wana muda. Sisi tuna ufa,
kati ya usingizi wa watoto na kelele za watoto,
tunapenya humo kiubavuubavu.
Uyanga hupanda na sare ya hospitali, katoka zamu ya usiku.
Davaasuren hupanda akitangaza vituo:
"Ya nne! Wanaoshuka!"
Hashuki mtu.
Mimi hupanda kimya. Pumzi yangu ni ya bajeti.

Juu kabisa tunaketi sakafuni, tunakaguana.
Jana ulikula nini?
"Supu ya kabichi," asema Davaasuren.
Na nini?
"Na karoti."
Na nini?
"Na mafuta ya mkia wa kondoo. Lakini kidogo.
Kondoo mwenyewe alikuwa mfupi."
Uyanga hamkemei. Anatoa mfukoni
karoti mbili alizozifunga kwa gazeti:
"Hizi za kwenye usukani,
mkono ukianza kutafuta biskuti."

Kisha ukaingia Mwezi Mweupe, mwaka mpya wetu,
siku tatu za kupiga hodi kwa jamaa,
na kila hodi ina sahani,
na kila sahani ina vibunda vya unga
vilivyoshiba nyama, vinavyotoa mvuke.
Ukivikataa, umemtukana mama mkwe.
Ukivikubali, umeutukana mshipi.

Siku ya nne, alfajiri, kimya.
Nilikaa jikoni, kijiko mkononi,
nikilionea haya bomba.
Ndipo toka juu: ngo, ngo, ngo,
ngo, ngo, na haikomi.
Nikaanza kuhesabu.
Thelathini na nane.
Davaasuren alikuwa akiungama.
Uyanga akajibu: ishirini na tano.
Akanyamaza.
Akaongeza mbili.
Nikameza mate. Nikagonga arobaini na moja,
vya mwisho polepole,
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.

Sijui nani alicheka kwanza; chuma hakina siri.
Tulitoka, wazito kama magunia ya unga,
yule wa nyuma akimsukuma wa mbele,
wa mbele akijifanya hasukumwi.
Hakuna aliyesema tuanze upya.
Tulikuwa tumeshafika ya sita.

Ghorofa ya nane tukasimama.
Nyuma ya mlango tusioujua,
kijiko, kidogo, chenye woga:
ngo.
Tukatazamana.
Davaasuren akaukaribia mlango, akakohoa kidereva:
"Basi linaondoka."

Ukafunguka. Kijana,
mtoto mchanga kafungwa kifuani, kalala,
kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.
"Nawasikia tangu Novemba," akanong'ona.
"Sikujua kama nami naruhusiwa."