Mstari Mtupu

Saa kumi na dakika ishirini alfajiri, simu ya Bi Gathoni:
"Odera, ukurasa ni mweupe."
Hakunisalimu.
Mweupe kama sanda, nikawaza, nikajikemea,
maana tovuti yetu hutangaza vifo
na kwetu sanda si tamathali.

Nilivaa sweta nje ndani, nikashuka Ngara.
Barabara ya Kirinyaga ilinuka grisi na mvua ya jana.
Ekal, bawabu, ana ufunguo wa geti peke yake;
wa ngazi anao Mama Wanza, anayelala ghorofa ya kwanza;
wa chumba cha seva umefungwa kwenye droo
ambayo Mama Wanza anajua jinsi ya kuitikisa.
Hakuna mwenye funguo zote.
Kila mtu anajua tu wa kumwamsha.

Faili la kwanza nalo ni hivyo hivyo. Mistari minne.
Mgeni akibisha hodi, awe Nyamira au Doha,
ndilo linaloamka, na halijui kitu:
si jina la marehemu, si siku ya mazishi.
Linageuka na kuita ndani, amkeni, watu wamefika.

Anayeitikia kwanza ni mpangilio,
nenosiri la hifadhidata kalifunga
kama mama wa Marikiti afungavyo noti kwenye pindo la leso.
Akishalifungua, kiini kinaamka,
ile folda tusiyoigusa: waliyoiandika wako mbali,
na toleo jipya likija
chochote ulichochora ukutani kitapakwa chokaa.
Kisha programu-jalizi, ishirini na tatu.
Hii inahesabu michango. Ile inawasha mshumaa.
Moja hakuna ajuaye kazi yake,
lakini ukiitoa, mshumaa unazimika.
Mandhari huja mwisho na maua yake,
haina habari ya nani amekufa,
inauliza tu picha ikae kushoto au kulia.

Haya yote kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Syombua ndiye aliyeipanga nyumba hii. Yuko Kigali sasa.
Ameacha maneno pembeni mwa msimbo:
*Usiguse hapa. Niligusa Jumamosi, nikalala Jumatatu.*
Sikugusa.
Nilibadilisha jina la folda ya jalizi, zote zikapotea njia.
Bado mweupe.
Nikaivua mandhari.
Bado mweupe.
Bi Gathoni akapiga tena: familia moja inazika leo saa nne,
jamaa hawajui ni kanisa lipi.

Ndipo, kwa kubabaika tu, nikaingia folda ya picha,
mwaka ndani ya mwaka, mwezi ndani ya mwezi,
wazee wenye tai, mtoto mwenye keki.
Agosti ya mwaka ule kulikuwa na faili:
*baba-mwisho-kabisa-2*.
Mwanamume mwembamba, kofia mkononi,
kidevu ni cha Syombua, hakikopeki.
Picha haikushikamana na tangazo lolote.
Nikauliza hifadhidata. Ikajibu: rasimu moja,
kichwa kipo, mwili hakuna.
Agosti ile aliomba ruhusa ya mambo ya nyumbani.
Tulimpa siku tatu.
Mimi nilimpigia siku ya pili, fomu ya michango ilikuwa imekwama,
akainyoosha kwa simu, dakika tisa.

Nilirudi kwenye mpangilio, nikausoma kama mtu anayesoma barua.
Juu kabisa, kabla ya alama ya kufungua,
mstari mmoja mtupu.
Wangu. Jana jioni nilibadilisha nenosiri
na kidole kikateleza.
Seva ilitoa hewa kabla ya salamu,
na baada ya hapo haikuweza tena kusema neno la kwanza.

Nikaufuta. Kitufe kimoja.
Nyuso zikarudi, safu kwa safu,
kanisa lipo Kangundo, saa nne kamili.

Chini ya maneno ya Syombua niliandika yangu:
*Usiache kitu juu ya mstari huu. Niliacha.*

Rasimu sikuigusa.
Nilikaa nayo mpaka Ekal alipofungua geti la pili
na mtu wa kwanza akapanda ngazi, akikohoa.