Chupa ya Tatu

Funguo za maabara ni zangu, na lawama pia.
Unga wa chuma uliingia kwa saini yangu:
umefungwa kwenye gazeti, umetoka karakana ya reli,
Semboja kaukumbatia kama mkate wa moto.

Asidi ikaula siku nzima, yakabaki maji ya kijani.
Sehemu moja tukaiacha na ukijani wake,
mbili tukazigeuza kahawia kwa dawa ya vidonda,
ile inayotoa povu.
Kisha Mwanamkuu akadondosha amonia, tone, tone,
machozi yanamtoka, bomba hataki kumwachia mtu.
Weusi ukaja ghafla.
Hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tunakohoa.

Chupa ya kwanza ilikufa usiku uleule:
asubuhi tope chini, maji juu, kila mtu na kwake.
Mwalimu Kaniki akasema, chembe hizi zinapendana mno,
zisipovishwa zitakumbatiana mpaka zizame.
Basi tukazivisha. Asidi ya mafuta ya zeituni,
moto mdogo, mafuta ya taa,
na sumaku ya spika iliyopasukia harusini
tukaisogeza chini ya kisahani.

Ikasimama.

Shokishoki jeusi, limelowa, miiba yote macho.
Semboja akaondoa sumaku, likalala likawa wino.
Akairudisha. Akaiondoa.
Kengele ya uji ililia peke yake.

Kuhifadhi ndiyo kazi yangu; hakuna anayekuja kuitazama.
Tanga hii chumvi imo hewani,
inakula bawaba, inakula misumari ya paa,
inakula kofuli la kabati lenyewe.
Chupa ya pili niliifunika kwa bati. Kosa langu.
Kufika Ramadhani ilikuwa na rangi ya chai.
Ya tatu nikaijaza hadi shingoni, hewa isipate kiti,
kizibo cha kioo, nta ya mshumaa pembeni,
rafu ya chini, mbali na jua, mbali na sumaku,
mbali na kiberiti cha mlinzi.

Wao walishafanya mtihani wakatawanyika Makorora na kwingineko.
Mwezi ukiandama, kabla sijafagia,
naipitishia sumaku ubavuni mwa kioo.
Inanyanyuka. Bado inanyanyuka,
kama mtu aliyeitwa jina lake chumba cha pili.

Lebo imefifia mara mbili.
Nimezikoleza herufi zote kwa kalamu,
pamoja na kosa la Mwanamkuu:
*sumakku*, k mbili.