Mchuchumio

Vilikaa miezi minane juu ya turubai la dada yangu,
vyekundu, namba arobaini na tatu,
vimetoka kwenye robota la mwezi wa pili.
Wanawake wa Birere walivishika, wakacheka, wakavirudisha:
"Kahambu, hivi ni vya jitu gani?"
Nilikuwa napita na gunia la maharage kichwani.
Nilijua jina la jitu.

Hakuniuliza kitu. Jioni moja alivitupa kitandani kwangu,
akasema, "Mbusa, vinanilia nafasi."
Akafunga dirisha. Akasubiri jenereta ya jirani ingurume
ili mlio wa saruji upate pa kujificha.

Hatua ya kwanza nilishika ukuta.
Ya pili nilishika meza, meza ikaishika taa,
na taa, Mungu saidia, ikadakwa na Kahambu.
Vidole vyangu, vilivyozoea makubazi ya tairi,
vilibanana mbele kama waumini siku ya Pasaka.
Kifundo kikayumba. Goti likapinda bila ruhusa.
"Usitazame miguu," akasema dada. "Haitakukimbia.
Tanguliza kisigino, vidole vifuate.
Hatua usiiibe. Iombe."

Nilianguka mara kumi na moja. Hesabu ninayo kwenye nyonga.

Usiku wa nne alinyamaza kitambo,
akaingia jikoni, akarudi na kilo kumi za unga,
akanitwika.
Na shingo ikakumbuka kazi yake.
Shingo hii imebeba simenti ya nyumba za watu,
viazi vya Masisi, mchele wa bandarini,
imevuka na mizigo hiyo juu ya mawe
yaliyomwagwa na mlima nilipokuwa bado mgongoni kwa mama,
mawe yenye meno, yanayokula ngozi ya anayesitasita.
Nani amfundishe mpagazi kwenda wima?
Mabega yakashuka. Kiuno kikapata njia yake.
Saruji ikawa inanijibu,
mara jenereta ikazimika ghafla
na sote wawili tukasikia:
ko.
Ko.
Ko.
"Ni mwanamke gani huyo?" jirani akauliza nyuma ya mbao.
"Si mwanamke," dada akajibu. "Ni mtu anajifunza."

Watu huviita viatu vya mchuchumio.
Nimelitafuna neno hilo nikiwa chini ya magunia.
Kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole
kwa kuwa kuna kitu kimetundikwa juu kuliko kimo chako.
Kitu gani, bado sijui.
Sitaki kuwa Kahambu; Kahambu yupo, anatosha.
Labda ni zile sentimita kumi tu,
na vumbi la juu ya kabati ambalo sikuwahi kuliona,
na jinsi kifua kinavyokosa pa kujikunja.
Juzi bandarini, Bisimwa alinitazama nikishuka ubao wa boti.
"Siku hizi," akasema, "unatembea kama mwenye mzigo,
si kama mpagazi."
Nikamwambia ni viazi vyepesi.

Jumapili usiku nilitoka nje.
Mlima ulikuwa umewasha tumbo la mawingu,
wekundu ule ule, ungedhani ni wa robota moja.
Kutoka mlangoni hadi bombani ni hatua thelathini za jiwe jeusi,
na kila jiwe lina ubishi wake.
Nilikuwa kwenye ya kumi na tisa
tochi iliponipata miguuni.
Papa Sebagenzi, mlinzi wa ghala la makaa.
Mwanga ukapanda: kisigino, suruali, shati la kazi, uso.
Ukakaa usoni.
Ukakaa.
Nikasikia moyo wangu nao unavaa visigino.
Kisha mwanga ukateremka taratibu, ukanipita,
ukatua chini, mbele yangu.
"Hapo kuna shimo," akasema. "Shika kushoto."

Nikashika kushoto.
Zilikuwa zimebaki kumi na moja.