Hodi ya Saa Nane

Pampu namba saba ilinyamaza saa nane ya usiku.
Oulu, mto umeganda, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Nilidhani mwizi. Kila mtunga programu hudhani mwizi kwanza.
Nikamwamsha Aulikki; akaja na koti juu ya nguo za kulalia,
akamimina kahawa, hakuketi.

"Nani alikuwa akisema na pampu?"
Nikajibu: TLS.
"Na cheti chake ulikiuliza umri?"

Sikukiuliza.

TLS ni mgeni mwenye adabu:
hubisha hodi, hutoa karatasi yenye muhuri,
na muhuri una mdhamini, na mdhamini ana mdhamini,
hadi kwa yule tunayemwamini kwa kuwa tu
tulimkuta ndani ya kompyuta siku tuliyoinunua.

SSH hana habari na mihuri.
Mara ya kwanza hukuuliza: huyu unamjua?
Nawe, una haraka, unasema ndiyo bila kutazama.
Tangu hapo hasahau sura. Ikibadilika, hupiga yowe;
na nusu ya mayowe, asema Aulikki, ni sisi wenyewe,
tuliohamisha seva tusiambizane.

IPsec ni posa ya koo mbili:
wazee wengi, kila upande na orodha yake ya masharti,
sharti moja likipishana hakuna ndoa,
wala hakuna wa kukunong'oneza ni lipi.

WireGuard ni bubu wa mlangoni.
Bisha usiyejulikana: kimya,
hata kikohozi. Utadhani ni mahame.
"Nampenda," Aulikki akasema, "ila msiniozeshe.
Pampu mia nne! Nani atagawa funguo zote hizo kwa mkono?"

Yeye alianza kazi enzi za Telnet,
neno la siri likitembea uchi barabarani.
Hacheki akisimulia.

Tukakifungua cheti.
Kiliisha saa sita ya usiku kwa saa za Greenwich,
ndiyo saa nane yetu. Hakuna mwizi.
Kufuli zima, mlango mzima, mgeni yule yule,
karatasi ya jana.
Na kikumbusho? Kilikwenda kwa Sampo,
aliyeacha kazi mwezi wa tano.

Nikatia kipya. Pampu ikabisha, seva ikaitikia,
chini ya barafu maji yakasogea.
Aulikki akachukua kalamu ya risasi,
akaandika ukutani tarehe ya mwakani,
tarakimu kubwa kubwa, bila fumbo,
kila apitaye aisome.