Mshona Sanda

Sheria ni moja: usiseme.
Kaa nyuma ya bega lake, shika daftari, ng'ata ulimi.
Akisoma "funga" akadhani ni kufunga mlango
kumbe ni kufunga fundo, kosa ni lako. Andika.

Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, kiwanda cha zamani cha pamba,
Łódź, ambako mabomba huguguna Januari nzima.
Jagna amechora karata zote mia moja na arobaini
kwa wino mweusi na chai iliyomwagika
(chai haikukusudiwa; tumeiacha).
Mimi naandika namba.

Leo ni Ludmiła, muuguzi wa usiku,
katoka wodini alfajiri na viatu vya mpira,
akauliza abofye wapi.
Mshona Sanda alimuua kabla kahawa haijapoa.
Mara ya pili. Ya tatu alikuwa na ngao saba na tabasamu.
Ya nne hakusema kitu.
Ya tano aliitazama sana karata ya Mkasi
kama mtu anayetazama tramu iliyomwacha.
Ya sita, ya saba.
Nikaandika: saba. Nikapiga mstari chini yake.

Usiku nikashusha uhai wa Mshona Sanda
kutoka mia na ishirini hadi mia.
Jumanne akaja Zbyszko, mwanafunzi wa hesabu.
Akatupa karata zake zote dhaifu, akabaki na tano:
Uzi huvuta Mkasi, Mkasi hurudisha Uzi,
Uzi, Mkasi, Uzi, Mkasi,
na bibi yule niliyemlea miezi kumi na minne
akaanguka zamu ya pili, hajainua sindano.
"Rahisi," akasema Zbyszko, akaomba biskuti.

Nikapandisha. Nikashusha. Nikaongeza bei ya Mkasi,
wanyonge wakalia; nikaipunguza, wajuzi wakapiga miayo.
Mizani ya duka ina jiwe lake. Hii yangu
upande mmoja kakaa mtu aliyechoka,
upande wa pili kijana asiyechoka,
nami katikati naongeza chumvi, naongeza maji.
Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema.
Sawa. Hawakusema lolote juu ya anayekesha
akikata kushindwa kwa wengine, kipimo kwa kipimo,
kama fundi anayemshonea mtu asiyemwona.

Jagna ndiye aliyeokota karatasi ya Ludmiła
chini ya meza, pale ilipoteleza.
Maswali kumi tuliyoyatunga kwa majivuno, kaacha tisa matupu.
La kumi, "Kuna lingine?", kalijaza
kwa mwandiko ulionyooka wa chati za wodini:

*Sikuchukia kufa.
Nilichukia kutojua nimekufa kwa nini.
Kazini, jamaa huniuliza hilo tu.*

Niliisoma nimesimama. Mabomba yakagonga.
Nikarudisha mia na ishirini.
Jagna akachora sindano ndogo, nyeupe,
ya kukaa juu ya kichwa cha Mshona Sanda kabla ya kila zamu:
ikielekea chini, atachoma; ikilala, anatunga uzi;
ikigeuka nyekundu, jikinge, mama, jikinge sasa.
Kazi ya alasiri moja. Miezi kumi na minne,
na kilichokosekana ni adabu ya kupiga hodi.

(Ujanja wa Zbyszko bado unafanya kazi.
Tumemwachia hadi Machi. Sijui.)

Ijumaa Ludmiła karudi, viatu vilevile.
Sindano ikawa nyekundu. Akaiona. Nikaona ameiona.
Alikuwa na ngao mbili, alihitaji tatu,
na alijua, kabla sijavuta pumzi,
kwamba ile ya tatu aliiuza sokoni, ngazi ya kwanza,
akanunua karata ya paka
kwa kuwa paka alimpendeza.
Akafa. Akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyefumaniwa.
"Paka," akasema.

Nikang'ata ulimi. Sheria ni moja.
Kidole chake kilishafika
kwenye Changa Upya.