Hodi Isiyosikika

Macho hayana pazia, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwahi kujaribu
kupenyeza dawa ndani ya jicho.

Pazia lipo, baba. Nimelipima.
Ni jembamba mithili ya ukucha wako,
seli zimeshikana, tabaka juu ya tabaka,
kama kile kitambaa mlichofuma hapa Łódź
viwanda vya pamba vilipokuwa bado na moshi,
kitambaa ambacho, ulijisifu, hakipitishi maji.

Kila Jumanne alfajiri napanda tramu hadi machinjioni,
nikirudi nina debe la barafu mapajani.
Ziemowit hunihesabia macho ishirini ya nguruwe,
bado yanashangaa,
na hunitania: Leo unawaonyesha nini?
Abiria hawajui. Juzi mwanamke mmoja
alikaa ubavuni mwangu akala mkate wake wa jibini,
mfuko wake ukigusana na debe langu.

Maabarani naliweka jicho kwenye kikombe cha kioo.
Juu yake maji ya chumvi, dawa, rangi ya kijani inayong'aa,
na kichwa cha mashine, kidogo kama kifuniko cha chupa.
Nabonyeza.
Hakuna mlio.
Ni sauti, lakini mitetemo laki sita kwa sekunde,
juu kuliko popo awezavyo kusikia,
sauti iliyoacha kuwa sauti ikawa kidole.
Inabisha hodi.
Viputo vinazaliwa, vinavimba, vinapasuka,
nyuzi za pazia zinalegea kidogo, kidogo sana,
na dawa iliyokuwa imesimama barazani
kama mgeni asiyejulikana ukoo wake
inavua viatu, inaingia.

Dakika tano. Nikizidisha, naunguza.
Nikipunguza, hodi ni ya mwoga.
Februari nzima niliharibu macho,
nikayatazama yakigeuka meupe kama yai la kuchemsha,
na Profesa Dobrosława akaandika kwa penseli pembeni:
Tena.

Jana rangi ilizama.
Mara tatu ya siku zote! Nilipima, nikapima tena,
nikaja mbio kukuambia, koti halina vifungo,
nikasahau kwamba kukuambia ni kuandika.
Miaka thelathini na mmoja katikati ya mitambo ya kufuma,
kelele ziliyala masikio yako kama nondo alavyo sufu.
Sasa ni zamu ya macho, presha inayala kutoka pembeni.
Nikaandika kwa kalamu nene:
TUNATUMIA SAUTI.
Ukaisogeza karatasi mpaka puani.
Ukacheka hadi meno ya bandia yakacheza.
"Sauti?" ukapaza, jirani wa juu akagonga sakafu.
"Sauti ile ile? Inakuja kudai, au kulipa?"

Halafu ukauliza lini.

Kuna nguruwe. Baada ya nguruwe kuna sungura,
na kamati, na fomu, na kamati ya kukagua fomu,
na vijana wa kujitolea wenye macho mazima,
halafu ndipo watu kama wewe.
Sikuyaandika hayo. Nilichora mstari mrefu
kutoka ukingo hadi ukingo wa karatasi.
Uliuona, au hukuuona. Ulikunja karatasi, ukaitia mfukoni.

Saa tatu usiku. Inua kichwa, baba.
Tone moja, kwa njia ya zamani.
Unapepesa, na machozi yanaikokota dawa nje,
inashuka shavuni, inapotelea ndevuni.
Pengine chembe moja imepita.
Haba na haba, wanasema.
Kibaba chenyewe kinavuja.

Nakupangusa kwa kidole gumba.
Kope zako zinatetemeka chini yake,
na bila kukusudia nimegonga,
mara moja, taratibu,
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Unauliza, "Nani?"